Dole Gumba la Somoe

Nasajili laini za simu hapa Newala:
meza moja, mwavuli mmoja, kiti cha plastiki
kilichofungwa waya mguu wa nyuma.
Asubuhi ukungu hupanda kutoka bonde la Ruvuma,
nafuta kioo kwa pindo la kanga ndipo nafungua kazi.

Mashine ya alama ni ndogo kama kiberiti.
Inataka kidole. Haiulizi ukoo wako,
haitaki kujua ulizaliwa mwaka wa njaa gani.
Weka. Bonyeza. Toa. Weka tena.

Somoe Nampunju alikuja mwezi wa sita.
Dole gumba: Rudia.
Cha shahada: Rudia.
Nikampa pamba yenye spiriti. Rudia.
Nikamwambia akitie mate kidogo,
kama tufanyavyo sote wakubwa wasipotuona.
Rudia.
Nikakigeuza kiganja chake juani.

Cheusi, na vidole laini kama kipande cha sabuni
kilichobaki bafuni.
Miaka kumi na tisa akibangua korosho kwa jiwe na kirungu,
mafuta ya ganda yakila ngozi,
majivu hayatoshi, mafuta ya nyonyo hayatoshi.
Mistari aliyozaliwa nayo iliondoka na magunia,
ikapakiwa melini Mtwara, ikatafunwa na watu
waliodhani ni chumvi.

"Kwa hiyo, mwanangu, mimi si mtu?"

Sikuwa na kitufe cha kulijibu hilo.

Pesa zake zikaendelea kuingilia laini ya mpwawe, Chande.
Elfu kumi ikitumwa, inafika elfu nane.
"Makato," anasema Chande,
na viatu vyake vipya vinanyamaza.

Fundi Liputa huchomelea vitanda na mageti.
Mashine yake ya kwanza ya kubangulia
ilitoa chenga tupu, kuku wakashukuru.
Ya pili ilibangua vizuri, ila wanawake
walisimama juu ya tofali kuifikia.
Somoe, mwenye mkono wa kushoto, akaitazama, akacheka:
"Fundi, hii umemshonea nani? Si umejishonea mwenyewe?"

Liputa hakununa. Akatafuta uzi.
Akampima: nyonga hadi ardhini, fundo.
Bega hadi kifundo cha mkono, fundo.
Goti akiwa ameketi. Kisigino. Urefu wa kidole.
Uzi ule wenye mafundo matano ndio ramani yote,
hadi leo umening'inia msumarini karakana.
Akakata miguu ya mashine, akahamishia mpini kushoto,
akaweka pedeli ya baiskeli, na kipande cha bati
kinachozuia mafuta yasirukie mikono.
Yanachuruzika koponi.
Kopo linauzwa kwa mafundi wa mbao, mchwa hawaligusi.
Nani alijua kilichomla Somoe kina bei?

Mashine sita sasa, kwenye banda la kina mama.
Zamani waliketi ishirini na wawili.
Leo wanatosha tisa.

Hili watu hulisema kwa sauti ya chini.

Mwezi wa tatu Somoe akarudi.
Rudia, ikasema.
Rudia.
Halafu taa ya kijani.
Akaomba aione alama yake. Hairuhusiwi.
Nikamgeuzia kioo.
Mistari michanga, myembamba,
kama njia za siafu baada ya mvua.
Alitazama hadi aliyekuwa nyuma yake akakohoa.
"Kumbe ndivyo nilivyo," akasema,
akataja jina lake lote, polepole, nikaliandika.
Chande hajapita mtaani kwangu tangu siku hiyo.

Ng'ambo ya barabara Asumini anauza ming'oko.
Yeye ni mmoja wa wale kumi na watatu.
Jioni akavuka, akapangusa vumbi la muhogo kwenye kitenge,
akaweka dole gumba.
Lilikubali mara ya kwanza.
Miezi mitano hajagusa korosho.

Nikamkabidhi laini yake, inasoma vizuri, mtandao umejaa.
Anaishika kifuani, anaitazama, anaizima kutunza chaji.
Bado haijaingia kitu.